Nyumba ni yenu

Yamenikaa kooni tangu Jumatatu jioni kama mwiba wa changu. Maneno yenyewe si mengi:

"Sawa, mwanangu. Nyumba ni yenu."

Aliyesema ni Baba. Na kosa langu, kama ni kosa, ni kuibadilisha kompyuta ya sebuleni.

Mnaijua ile Dell, OptiPlex 7010, mtumba wetu uliokuja na nyaya zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ilikuwa na Windows 10, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejiandikisha kaongezewa mwaka mmoja, basi. Windows 11 nayo haiitaki mashine yetu: inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, yetu ni ya kizazi cha tatu, na inataka kile kijichipu cha usalama, TPM, cha toleo la 2.0, chetu ni cha zamani. Fundi mmoja akaniambia, "Dada, lete tu, nakupigia window 11 hivyohivyo, elfu ishirini." Najua inawezekana. Ila mimi ni mhasibu, na vitu vinavyoingizwa kwa mlango wa uani huwa naishia kuvitolea maelezo mimi.

Nikachagua Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta mahali pa Windows. Faili lake linakaribia GB 3, nikalipakua ofisini (meneja asipite hapa), nikaliweka kwenye flashi, Jumapili mchana nikawasha mashine huku nimebonyeza F12. Nikaimegea Mint GB 120 za diski, Windows nikaiacha palepale ilipokuwa. Sikufuta hata picha moja. Nalisema hili kwa sababu Baba Zulfa ananiambia, "Si ungemwachia mzee window yake," utadhani niliichoma moto.

Kilichobadilika ni kwamba sasa ukiwasha inakuja orodha nyeusi, Mint juu, Windows chini, na usipogusa kitu kwa sekunde kumi inaingia Mint yenyewe. Baba hakugusa. Aguse nini? Miaka sita anawasha kompyuta hiyo kwa utaratibu mmoja: anabonyeza, anakwenda kuchukua kahawa yake, anarudi, anatafuta ile W ya bluu. Mtu aliyejifunza kushika mausi ana miaka sitini na nane hajui "programu". Anajua mahali. Kama unavyojua swichi ya taa ilipo gizani.

Jumatatu nimerudi kazini nikamkuta ameketi mbele ya kioo, miwani imeshuka puani, mikono mapajani. Kitabu cha michango ya chama cha kuzikana kiko wazi mbele yake, wala haandiki.

"Inaniruhusu kusoma tu," akasema. "Kama gazeti la maktaba."

Sababu nimeijua baadaye. Windows ukiizima haizimiki yote, inasinzia ili kesho iamke haraka, na ikiwa imesinzia Linux haithubutu kuandika kwenye diski yake. Ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme na kutoa alama moja, dakika mbili. Lakini jioni ile nilikuwa sijajua, nimesimama na mkoba begani, nina njaa. Na mtu asiyejua huwa anaeleza sana. Nikamweleza Oktoba, nikamweleza TPM, nikamweleza vizazi vya prosesa. Akanisikiliza kama anavyosikiliza risala ya mgeni rasmi.

"Kwani ile ya zamani ilikukosea nini?"

"Haijanikosea, Baba. Imezeeka tu. Hakuna anayeihudumia tena."

Akaniangalia. Akavua miwani, akaikunja. Ndipo akasema sawa, mwanangu, nyumba ni yenu. Akaenda kuswali.

Sasa nisaidieni. Kwanza, *mwanangu*. Baba haniiti mwanangu. Nimerithi jina la mama yake, tangu nazaliwa ananiita mama, hata siku nilipofeli hesabu darasa la sita aliniita mama. Pili, *yenu*. Angesema yako ningeelewa ni hasira ya baba kwa binti, ingepita. Yenu ni mimi na mkwewe. Yenu ni mzee anayejihesabu mgeni kwenye nyumba ya mume wa binti yake, jambo ambalo tangu tumtoe Korogwe tumelikwepa kama shimo la choo cha zamani. Baba Zulfa anasema nimezidi, mzee kasema kawaida, watu wote husema nyumba yenu. Nikamwuliza, kawaida kwa sauti gani? Akageukia ukuta akalala.

Wiki hii shemeji yangu ameoa, ofisini tumeletewa meneja wa tatu ndani ya miaka miwili, na yote nimeyapitia huku nasikia *yenu*. Ilikuwa hukohuko harusini, Alhamisi, nimeshika sahani ya pilau, bi mmoja wa pembeni yangu analalamika kwamba wazee siku hizi wanawekwa tu hakuna wa kuwaangalia, ndipo nikasikia sentensi yangu mwenyewe. Si yake. Yangu. Imezeeka tu, hakuna anayeihudumia tena.

Pilau sikuimaliza.

Nikapanga maneno ya kumwomba radhi. Nikawaza nimwekee na lugha ya Kiswahili humo, maana wakati nasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa kompyuta wa chuo walikuwa wameshaitafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia kama ile W ya bluu, wakaiita Jambo OpenOffice, mwaka 2004, na LibreOffice inayokuja na Mint leo imetokana na OpenOffice. Halafu nikakumbuka Baba alivyowahi kuniambia kuhusu hiyo: "Nimeshaizoea 'Save', sasa niizoee tena 'Hifadhi'?" Nikaacha.

Jumamosi mchana karudi msikitini, mimi niko jikoni nakuna nazi, nikamsikia anaita kutoka sebuleni.

"Mama! Hebu njoo uone."

Mama. Nikaacha mbuzi na kifuu.

Alikuwa kwenye Windows yake. Tangu Jumanne anajua kushuka kwenye ile orodha kwa mshale na kubonyeza Enter, Zulfa kamwonyesha. Kidole chake kiko pembeni ya kioo, kwenye saa.

"Tumeswali Adhuhuri sasa hivi. Kompyuta yenu inasema saa nne asubuhi."

Ilikuwa kweli, imeandika saa nne na dakika kumi. Nyuma saa tatu kamili. Na Baba, wallahi, uso unang'aa. Mtu kawa mkuu wa stesheni miaka yote ile, leo kaikamata saa inadanganya. "Stesheni, saa ikichelewa dakika tano unaandikiwa barua," akaniambia. "Saa tatu treni zinagongana Mombo pale." Akaivuta kaunta buku yake, ile ya hesabu za maziwa, akaandika tarehe, akaandika "pungufu saa 3", akapiga mstari chini kwa rula.

Nikacheka. Nikasahau kuomba radhi. Kisha nikarudi kwenye nazi yangu, na katikati ya kukuna ndipo akili ikafunguka.

Kwa sababu hitilafu hiyo ina chanzo kimoja. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayotembea kwa betri hata umeme ukikatika. Windows inaiwekea saa za hapa kwetu. Linux inaiwekea saa ya kimataifa, ambayo kwa Afrika Mashariki iko nyuma kwa saa tatu, halafu inajijumlishia yenyewe. Kwa hiyo ukitoka Mint ukaingia Windows, Windows inakuta saa imerudishwa nyuma na haijui. Na Mint haiigusi saa ile mpaka ipate intaneti. Mimi toka Jumatatu sijaifungua. Baba Zulfa hajawahi hata kuiwasha. Kuna mtu Jumamosi asubuhi aliingia Mint, akaunganisha na bando la simu, akatoka, akarudi Windows kama hakuna kilichotokea.

Nikamwita Zulfa kwa sauti ya chini. Hakubisha hata kidogo.

"Babu alisema nisikwambie."

"Mnafanya nini humo?"

"Tunaangalia matreni."

Wanaangalia Garratt. Zile injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kupewa majina ya milima. Baba alizikuta kijana, alipopelekwa mafunzo Nairobi. Wameipata namba 5918, Mount Gelai, imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na Babu kamwambia mjukuu wake kwamba Gelai ni mlima wa huku kwetu, karibu na Ziwa Natron, ila mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika ikawa kila kilichokuwa upande ule kimebaki upande ule. Kamwambia walilala ni karani wa East African Railways wakaamka ni karani wa Shirika la Reli Tanzania, reli zilezile, filimbi ileile, fomu mpya, na hakuna aliyemwuliza karani.

"Kwa nini hamtumii window?" nikamwuliza.

"Ile ukiwasha data tu inaanza kujisasisha, inakula bando lote. Babu anasema tufungue ile yetu."

"Yetu nani?"

"Yetu. Mimi na Babu."

Kwa hiyo iko yenu na iko yetu, na mimi sijui niko wapi. Nimefurahi, msinielewe vibaya. Usiku nilicheka peke yangu mpaka Baba Zulfa akauliza kuna nini. Ila radhi bado sijaiomba, na sasa nikiiomba itabidi niseme nimejuaje.

Dawa ya saa ni mstari mmoja wa amri wa kuandika ndani ya Mint, `timedatectl set-local-rtc 1`, nimeuandika kwenye karatasi nikaubandika chini ya kibodi. Sijaupiga. Leo asubuhi nimeamka kabla yao, nikawasha Windows kimyakimya. Nyuma saa tatu.

La mwisho, kabla sijalala. Mnazi wa jirani umezidi kuinama upande wetu. Jana umeangusha nazi mbili, moja imetua hatua moja kutoka tangi la maji, na masika ndiyo hayo yanakuja. Baba Zulfa na jirani hawasalimiani tangu mambo ya yule mbuzi beberu, na mwenye mnazi huwezi kumpelekea mkwezi bila kumbishia hodi kwanza. Nani atakwenda?