Maji ya kisima, maji ya mvua: nilivyookoa meno ya kitinda mimba wangu

Kifungua mimba wangu alipofika miaka 7, meno yake mawili ya mbele yaliota yakiwa na michirizi myeupe kama chaki. Nilijua ni nini. Yangu ni ya kahawia, na tangu shuleni nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Sisi wa Kaunti ya Nakuru tukifika Nairobi, watu hutujua kwa meno kabla hatujasema kwetu ni wapi.

Na maji nilikuwa nachemsha! Nilichota kisima kirefu cha hapa Njoro, nikayaacha yatokote hasa, nikaona nimemaliza kazi. Daktari wa meno ndiye aliyenieleza kwamba moto huua vijidudu, lakini floridi, yale madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi, haiendi popote. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki kwenye sufuria, ikizidi kukolea. Huku Bonde la Ufa inatoka kwenye miamba ya volkeno ambamo maji yamelala. Kisha akaniambia lililoniuma zaidi: meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mchanga. Nililoliona leo liliharibika zamani. Na nyumbani nilikuwa na mwingine wa mwaka mmoja na nusu, ananyweshwa maji yale yale.

Nikapeleka chupa maabara. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yetu ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, na paa la mabati nilikuwa nalo. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto: mvua ya milimita moja, juu ya paa la mita moja ya mraba, ni lita moja. Paa langu ni mita 40 za mraba. Tuko watano, na kunywa na kupika hatuzidi lita 25 kwa siku. Kuoga, kufua na kupiga deki tuliendelea na kisima, maana floridi hudhuru ikimezwa. Kwa hiyo tangi la lita 3,000, likijaa, lingetufikisha siku 120. Zamu yangu ya chama ilipofika nikalinunua. Fundi akafunga mifereji na bomba la kando lenye kizibo, ili maji ya kwanza yenye vumbi na mavi ya ndege yaishie humo. Haya ya mvua ndiyo yanayofaa kuchemshwa, na bado nayachemsha.

Mwaka uliofuata mvua zilichelewa, tangi likakauka. Hapo ndipo nilipoleta ndoo ya kuchujia yenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi. Mama mkwe alikataa katakata: "Mtaninywesha mifupa?" Nikammiminia kiganjani chembe zake, nyeusi, kavu, hazina harufu. Akazinusa mara mbili, akanyamaza. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo napeleka maji yake yapimwe, na ukishindwa kazi naubadilisha.

Majani ya chai nayo yana floridi yake, basi mdogo simpi chai ya rangi.

Sasa ana miaka sita. Juzi jino la chini liling'oka, na nimeanza kuona ncha ya jipya. Kila asubuhi namwambia afungue mdomo pale mlangoni penye mwanga.