Jinsi ninavyozuia borohaidraidi isife chupani

Kupima arseniki kwenye maji kunanilazimu niwe na myeyusho wa sodiamu borohaidraidi wa asilimia 0.6 wenye nguvu kila wakati; ndiyo kemikali inayogeuza arseniki kuwa gesi ili mashine iipime. Ikianza kufa, yaani kuoza majini na kutoa haidrojeni, vipimo hushuka kidogo kidogo, na wengi hukimbilia kulaumu taa ya mashine.

Mambo yote yako kwenye pH, kipimo cha uasidi (namba ikipanda, uasidi hupungua). Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nusu ya borohaidraidi huisha kwa sekunde 37 hivi pH ikiwa 8, kwa saa moja ikiwa 10, na kwa zaidi ya siku 400 ikiwa 14. Kila pH ikishuka kwa moja, kasi hupanda mara kumi. Joto nalo likizidi kwa nyuzi 10, muda huo hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo chupa hukaa kwenye friji.

Kwa lita moja, natangulia kuyeyusha gramu 5 za kostiki soda, ndipo natia gramu 6 za borohaidraidi. Ukianza na unga, utakuta mapovu yameshaanza kabla ya kostiki soda, ambayo ndiyo kinga inayopandisha pH, kufika. Unga wenyewe naupima upesi, maana hewa ya pwani huugandisha mabonge. Ukishavuta unyevu, sehemu ya zile gramu 6 ni maji.

Chupa iwe ya plastiki, kwani kostiki soda hula kioo, na kifuniko kisikazwe. Lita hiyo ikioza yote hutoa zaidi ya lita 15 za haidrojeni!

pH ikiwa sawa na mapovu bado yapo, natazama chini ya chupa. Vumbi jeusi pale ni kobalti, nikeli au chuma kilichoingia na maji au kijiko, na hivyo huharakisha sana kuoza. Kuongeza kostiki soda hakutibu. Nachuja kwa chujio la maikromita 0.45 na kuhamishia chupa safi.

Nikiwa na shaka, naingiza mililita 5 kwa bomba la sindano kwenye chupa iliyozibwa yenye mililita 20 za asidi ya haidrokloriki ya molari 1, gesi ikisukuma maji kwenye silinda iliyopinduliwa. Kwenye kipimo cha silinda napunguza 5, maana mililita 5 za kimiminika nilichoingiza nazo zimesukuma maji. Zinapaswa kubaki karibu mililita 78 za gesi. Zikiwa chini ya 70, borohaidraidi hiyo naizimua kwa maji mengi, naiua kwa asidi tone kwa tone penye feni ya kutoa hewa, mbali na moto.