Mchele na Mchanga: Nilivyofanya Jiko la Mlimani Kuwa Zoezi Langu

Naanza na ushauri mbaya niliopewa nilipotaka kufanya kupika kwangu kuwa zoezi la Kibuddha, kwa sababu ndio ulionichelewesha. Bwana mmoja aliyewahi kuishi Asia aliniambia, tumekaa kijiweni karibu na stendi ya Moshi, kwamba mpishi hawezi kufanya mazoezi ya Kibuddha akiwa kazini. "Jikoni kwako ni kelele tupu. Tafuta chumba kimya, kaa, ondoa kila kitu kichwani." Mwingine akasema nisijisumbue, nifunge safari mpaka Dar es Salaam kwenye hekalu lililojengwa na Wasinghala wa Sri Lanka, Ubuddha uko huko. Wa tatu, na huyu alikuwa na nia njema kuliko wote, akaniambia nifanye kila kitu taratibu, basi. Huyo wa tatu ndiye aliyenitia hasara.

Mimi ni mpishi wa Mlima Kilimanjaro. Kwetu Kibosho, naishi Pasua, na huu ni mwaka wangu wa 14 kupika ndani ya hema. Mlimani mpishi huitwa injinia wa tumbo, na jina hilo nalipenda kwa sababu ni la kweli. Mgeni asipokula, miguu haipandi, hata awe na kiongozi bora kuliko wote.

Jambo lenyewe lilianza na mzee wa Kijapani aliyepanda nasi kwa njia ya Machame. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, alikuja kwenye hema la jiko, akapiga magoti na kuomba sufuria chafu. Kiongozi wetu akamsihi: "Babu, nenda ukapumzike, kesho ni ndefu." Mzee hakuondoka. Akachagua ile iliyoshika ukoko, ambayo sisi huiloweka na kuiacha mpaka asubuhi. Akaikwangua kwa kijiko cha mbao, akaisuuza, akaipangusa. Kisha akazima taa yake ya kichwani na kupitisha ncha za vidole ndani ya sufuria nzima, gizani. Akapata mahali palipobaki. Akarudia kuosha.

Nikamuuliza kwa nini anahangaika. Akaniambia ujanani alipika kwenye hekalu la Zen, tawi la Ubuddha linalokazia kutafakari, na huko mpishi mkuu, wanayemwita tenzo, hachukuliwi kuwa mtumishi wa wanaotafakari. Cheo chake ni kikubwa, na kupika kwake ndiko kutafakari kwake. Akanisimulia habari za mtawa Dogen, aliyevuka bahari kutoka Japani kwenda China mwaka 1223 kutafuta mafundisho. Akiwa bado ndani ya meli bandarini, alikuja mzee mmoja, mpishi wa monasteri ya mbali, kununua uyoga mkavu kwa ajili ya supu ya watawa. Dogen akamwomba alale pale wazungumze. Mzee akakataa, chakula cha kesho kitaharibika asipokuwepo. Dogen akamuuliza kwa nini mtu wa umri wake anahangaika na jiko badala ya kukaa na kutafakari. Yule mpishi akacheka sana, akamwambia kijana wa ugenini bado hajaelewa zoezi ni nini. Jibu lile lilimkaa Dogen moyoni. Mwaka 1237, akiwa amesharudi kwao, aliandika maagizo mazima kwa ajili ya mpishi wa monasteri: namna ya kuosha mchele, namna ya kupanga vyombo, namna ya kushika mboga.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimepika miaka mingi nikiamini kazi yangu ni kumfikisha mtu mwingine mahali pa maana.

Niliporudi mjini nikaanza kusoma kwenye simu, nikaona yule bwana wa kijiweni alikosea mapema sana. Katika mafundisho ya zamani kabisa juu ya umakini, Buddha anataja kwenda mbele na kurudi nyuma, kukunja mkono na kuunyoosha, kula, kunywa, hata kwenda haja. Hakuna kazi ya jikoni isiyoingia humo. Nikakutana pia na Baizhang, mtawa wa China aliyefariki mwaka 814. Alipozeeka wanafunzi wake walimficha jembe ili apumzike, naye akagoma kula mpaka walipomrudishia: siku bila kazi ni siku bila kula. Bibi yangu wa Kibosho angekaa naye vizuri sana, huyo.

Sasa nieleze hasara. Safari iliyofuata nikaamua kufuata ushauri wa taratibu. Mlimani neno "pole pole" ndilo la kwanza mgeni kufundishwa, nikaona ni ishara, nikaliingiza jikoni. Tulikuwa kambi ya Shira, kama mita 3,840. Nikakaa na karoti. Kila pande nililikata nikilitazama, naweka kisu chini, navuta pumzi, nakiinua tena. Msaidizi wangu akaniuliza mara mbili kama naumwa. Bisi na chai ya saa kumi vikatoka saa kumi na moja. Maji ya moto ya kunawa yakasahaulika. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi kama 87 tu, kwa hiyo kila kinachopikwa kinataka muda zaidi kuliko mjini, na mimi nilikuwa nimeula muda wenyewe kwenye karoti. Jua likazama, baridi ikashuka, na nilikuwa nimeacha moto mdogo ili nisikie kila sauti ya jiko, upepo ukawa unaubeba ule moto pembeni ya sufuria. Chakula kikafika hema la wageni karibu saa mbili usiku, supu imeshapoa njiani. Mama mmoja aliyekuwa ameanza kuumwa kichwa alikuwa ameshaingia kwenye mfuko wa kulalia. Hakula kitu. Kesho yake njia ya kupitia mwamba wa Lava Tower ilimtesa, na nilimwona kwa macho yangu akikaa kwenye jiwe kila baada ya hatua chache.

Kiongozi alinisema mbele ya watu na alikuwa na haki. Gesi ya siku mbili ilikwisha kwa siku moja. Kambi iliyofuata, Barranco, nikanunua mtungi kwa mpishi wa kundi lingine kwa bei ya mlimani, mara mbili ya mjini au zaidi kidogo, kutoka mfukoni kwangu.

Usiku ule Barranco nilikumbuka kitu ambacho nilikisikia nisikishike. Yule mzee wa uyoga alikuwa na haraka! Alikataa mazungumzo mazuri ya dini kwa sababu kesho yake watawa wanakula. Wakati ni sehemu ya chakula kama chumvi. Pole pole ni ya miguu ya mgeni, na ni sahihi huko. Mikono ya mpishi inatakiwa iende kasi ya kazi, na mpishi awe humo ndani ya hiyo kasi. Nikaanza upya: nakata haraka kama zamani, ila sisemi na mtu wakati kisu kinakwenda, na sifikirii ada ya shule wakati huo. Fikra ya ada ikija, nasikia kisu kikigonga ubao, narudi. Inakuja tena, narudi tena. Hiyo ya "ondoa kila kitu kichwani" sijawahi kuiweza na wala siitafuti.

Nikadhani nimefika. Safari moja baadaye, kambi ya Karanga, jiwe likanirudisha mwanzo.

Karanga ndipo maji ya mwisho yalipo kabla ya Barafu, kambi ya kuondokea kwenda kileleni. Kambi iko juu ya ukingo, kijito kiko chini bondeni, na wagumu, yaani wapagazi wetu, hushuka na ndoo kisha hupanda nazo. Siku ile wageni walipata mtori wangu, matango yamekatwa sawasawa kama sarafu. Wagumu walipata wali, msaidizi aliuosha mara moja akaubandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hema kijana mmoja alipoacha kutafuna. Alikuwa ametoka bondeni na ndoo yangu muda mfupi tu. Akatema kijiwe kwenye kiganja, kidogo kama mbegu ya mtama, akakitazama, akakitupa nyuma yake na kuendelea kula. Hakuniangalia. Jirani yake akamwambia, "Meza tu, kaka, kesho tunapanda."

Iliniuma kuliko kusemwa na kiongozi. Yule mzee wa Kijapani alinisimulia pia habari za Xuefeng, mpishi wa monasteri ya China, aliyeulizwa na mwalimu wake Dongshan akiwa anaosha mchele: unaondoa mchanga kwenye mchele, au mchele kwenye mchanga? Akajibu anaondoa vyote kwa pamoja. Basi watu watakula nini? Xuefeng akapindua bakuli. Watu wa Zen wameitafakari habari hiyo miaka elfu na zaidi, na sidai kuimaliza. Lakini mimi nilikuwa nimeosha mchele wa wageni na kuwaachia wagumu mchanga, nikaita hilo zoezi. Dogen anamwambia mpishi asidharau mboga duni wala asitukuze kitoweo cha gharama, avishike kwa mkono uleule. Nilikuwa na mikono miwili.

Tangu hapo mchele wote natoa gunia moja. Nanunua soko la Mbuyuni, mchele wa Chekereni nikiupata, ule wa mashamba ya umwagiliaji ya chini ya Moshi yaliyoendelezwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Nauchambua nyumbani kwenye ungo, jioni mbili kabla ya safari, wa wageni na wa wagumu. Mlimani nauosha kwa kumimina. Mpishi yeyote wa kwetu anajua namna hiyo, lakini nimeona vijana wengi wakiiruka: sufuria mbili, mchele na maji kwenye moja, unaitikisa polepole huku unamimina kidogo kidogo kwenda ya pili. Mchele ni mwepesi kuliko mawe, unabebwa na maji na kuvuka, mawe yanabaki chini yakisema krr krr. Sikiliza hiyo krr. Ukiisikia, simamisha mkono. Vile vijiko viwili vya mwisho usivimimine, chambua kwa kidole. Punje isitupwe, maana ilibebwa mgongoni na mtu mwenye jina. Na maji meupe ya mchele usimwage, yanafaa kuoshea sahani. Dogen naye alikataza kuyatupa ovyo, nilifurahi sana nilipolikuta hilo.

Kuna jambo jingine dogo lililonisaidia kuliko vitabu. Kila ninapogusa kitasa cha gesi, kufungua, kupunguza au kuzima, navuta pumzi moja nzima na kusikiliza moto. Moja tu. Moto ule lazima usikilizwe kwa vyovyote, upepo wa mlimani hauchelewi kuuzima, kwa hiyo kazi haipotezi hata sekunde. Kwa siku nakigusa kitasa mara hamsini au zaidi. Ila Barafu usijaribu kuhesabu pumzi kama wanavyofundisha mjini. Kwenye mita 4,600 na kitu pumzi inakimbia yenyewe, utajitia kizunguzungu.

Na vyombo vikae mahali pake. Maagizo ya Dogen ni kwamba cha kuwekwa juu kiwekwe juu, cha kutulia chini kiwekwe chini. Nililiona hilo kuwa jambo la usafi tu mpaka usiku mmoja Barafu, saa tano, tunaandaa chai ya watu wa kwenda kileleni. Baridi ikaua betri ya taa yangu na msaidizi alikuwa nje na ya kwake. Nikanyoosha mkono kushoto, kiberiti. Chini ya goti la kulia, birika. Sukari juu ya boksi la mayai, upande wa mlango. Nikawasha, nikapima maji kwa kikombe, nikaweka tangawizi. Msaidizi aliporudi na taa chai ilikuwa inachemka. Nilimkumbuka yule mzee na vidole vyake ndani ya sufuria.

Mama yangu aliposikia habari hizi aliogopa. "Baba, umeacha kanisa?" Sijaacha. Nikiwa mjini nasali Kibosho kama kawaida, na asubuhi nakaa kimya robo saa kabla watoto hawajaamka. Nikamweleza kwamba Dogen anataka mpishi awe na moyo wa furaha, moyo wa mzazi na moyo mkubwa. Akaniuliza kama huyo mtawa alikuwa na mama. Nikamwambia alifiwa na mama yake akiwa bado mtoto mdogo. Akanyamaza, akaendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Ndiyo maana akamwandikia mpishi."

Yule kijana aliyetema kijiwe bado tunapanda naye. Sikumwomba radhi siku ile, nilimwomba safari iliyofuata, getini Machame, wakati mizigo inapimwa. Alikuwa hakumbuki. Sasa jioni akirudi na ndoo huingia jikoni bila kuitwa, anashika sufuria ya pili, mimi namimina, yeye anapokea. Jumatano tunaondoka tena, wageni wanane. Gunia liko sebuleni na nimefika karibu nusu.