Timotheo, Tito na kanzu ya mhubiri

Masomo: Matendo 16:1–3, 1 Wakorintho 9:19–23, Wagalatia 2:1–14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita tulibaki nje ya kanisa tukibishana hadi jua likatufukuza. Mhubiri mgeni alipita mtaani kwetu na kanzu na kofia. Kijana mmoja akamuuliza dini yake, naye akazungusha maneno mpaka yule kijana akaondoka akiamini amezungumza na Mwislamu mwenzake. Baadhi yetu wakaiita hekima, wengine wakasema amemkana Bwana. Mama mmoja akauliza, "Kwani kanzu imekosa nini? Marehemu baba alisali nayo maisha yake yote."

Kweli, kanzu haijakosa. Ni vazi la pwani. Na hata maneno tunayosalia, sala, sadaka, nabii, dhambi, tuliyakuta vinywani mwa jirani zetu. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyofika Unguja mwaka 1864, alijifunza Kiswahili kwa wajuzi wa hapahapa, na Agano Jipya la tafsiri yake lilimwita Bwana wetu Isa Masiya. Leo ukitamka Isa kanisani, wapo watakaokutazama kwa shaka! Lakini Steere hakuwa akijificha. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa palepale, sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo. Jina lilikuwa la wenyeji, na kanisa likasimama katikati ya mji, kila mtu akiliona.

Watu wa misheni hiyo waliendelea kulipima jambo hili. Kule Masasi, kusini mwa Tanzania, Askofu Vincent Lucas hakulipiga marufuku jando. Alilitia ndani ya sala za kanisa na kuondoa asiyoweza kuyabariki. Wapo waliomlaumu, na sioni ajabu.

Nimekaa na Paulo juma zima. Alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile. Lakini Tito, Mgiriki, alipotakiwa kutahiriwa, Paulo alikataa katakata. Kisu ni kilekile. Kwa Timotheo kiliondoa kikwazo ili watu wasikie Habari Njema. Kwa Tito kingeongeza sharti juu ya neema. Ndiyo maana siamini kwamba tutapata orodha ya mavazi na maneno yanayofaa na yasiyofaa. Kule Antiokia Petro hakufundisha kosa lolote. Aliinuka tu mezani kwa Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi, walipoingia watu aliowaogopa.

Kwa hiyo simlaumu mgeni wetu kwa kanzu. Kinachoniuma ni jibu lake. Yule kijana aliuliza kwa moyo safi, akapewa ukungu. Siku akijua, ataona alilaghaiwa, na mgeni atakuwa amekwisha panda boti kurudi Dar es Salaam. Tutakaobaki kushukiwa ni sisi tunaozikana na kuchotea maji bomba moja.

Mwezi wa Ramadhani sili barazani mchana. Nikienda msibani najitanda, nakaa mkekani na wenzangu. Hayo nayafanya kwa upendo, wala hayajawahi kunipunguzia imani. Lakini lipo moja ninalopaswa kulisema hapa. Mwaka jana, pale sokoni Darajani, mama ninayenunua kwake ndizi aliniuliza, "Mwenzangu, nyie mnamwombaje Mungu?" Aliuliza kwa upole kabisa. Watu walikuwa wengi, nikaogopa macho yao. Nikamwambia, "Kwani Mungu si mmoja tu, bibi?" nikalipa na kuondoka. Nilichosema ni kweli, lakini nilikisema ili nisijibu. Niliinuka mezani kama Petro.

Bado nanunua kwake. Kesho asubuhi, kabla soko halijajaa, nitakwenda nimwombe radhi, kisha nimjibu swali lake.

Niombeeni.