Siku moja na fundi wa sensa za moto za jikoni, Mbeya

Nikisema nafunga sensa za moto watu wanafikiria kale kaduara keupe ka kwenye dari ya ofisi kanakolia pii pii. Mimi kazi yangu iko ndani ya hudi bana, lile kofia la stenlesi juu ya majiko ya hoteli, na kwenye bomba linalotoa moshi nje. Kule ukiweka sensa ya moshi italia kuanzia chips za kwanza mpaka wafunge, halafu mafuta yaizibe ife. Tunaweka za joto, na nyingi hata umeme hazitumii: ni waya wa chuma umevutwa ukakaza, na katikati umeunganishwa na vibati viwili vilivyoshikwa kwa solda. Joto likifika kiwango chake solda inayeyuka, waya unalegea, mtambo wa kuzimia moto unafyatuka, dawa yake inamwagika kwenye majiko na gesi inajifunga.

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba Mbeya, mwenye koti moja anajuta. Daladala ya Uyole, kuna kantini natakiwa kubadilisha vibati vya zamani kabla hawajawasha majiko, nikabadilisha, nikajaribu, saa 2 nakunywa chai.

Saa 3 na nusu, hoteli moja kwenye barabara ya kwenda Tunduma. Meneja kijana, shikamoo fundi, marahaba, kazi ya dakika kumi tu hii, kuna kisensa kimoja kinaning'inia. Nikainama kuchungulia chini ya hudi nikabaki nacheka peke yangu. Fraya mbili za chips zamani zilikuwa kushoto, wamezihamishia kulia mwisho ili wahudumu wapite vizuri. Chini ya sensa sasa kuna meza ya kukatia kachumbari. Yaani kachumbari inalindwa isiwake moto, mafuta yanayochemka hayana mwenyewe!

"Si hudi ni hiyo hiyo fundi? Moto ukiwaka utafika tu."

Haufiki hivyo. Feni inavuta hewa, joto la fraya linanyonywa moja kwa moja kwenda kwenye mdomo wa bomba, halizunguki kwanza kushoto kusalimia. Ndiyo maana kila jiko linawekewa sensa yake juu, na nyingine inakaa pale bomba linapoanzia, kwenye njia ya hewa kabisa. Na nozeli za dawa nazo zinatazama jiko lilipo, kwa hiyo ukihamisha fraya lazima uhamishe kila kitu, au urudishe fraya ulikoitoa. Akakataa kurudisha. Akatoa mfukoni kasensa ka moshi kametoka Kariakoo, "weka basi hata haka." Nikamrudishia.

Akaja na lingine: weka inayoyeyuka mapema, si ndo itawahi? Zipo kweli, za nyuzi 74, 100, 141, 182 mpaka 260, ila ukiweka ya 74 juu ya fraya ni mchana wa kawaida tu inayeyuka na dawa inamwagika kwenye chips za mteja. Unapima kwanza joto la pale juu jiko likiwa limezidiwa na oda. Kwa hiyo nikaning'iniza kipimajoto, nikakaa kusubiri watu wa mchana.

Saa 7 hivi watu wamejaa, umeme ukakatika. Jenereta yao haibebi feni. Bila feni moshi na joto vinarundikana ndani ya hudi na kipimo kinadanganya, nikawaambia zimeni fraya, mama mpishi akaniangalia kama mimi ndo nimekata umeme. Nimekaa hapo kwenye kreti ya soda sijui saa ngapi, meneja kila akipita "fundi bado?", na mimi ugali wenyewe sijala.

Umeme ulivyorudi wakakaanga tena kwa fujo, kipimo kikafika 118. Ya 141 ingekuwa karibu mno, nikachukua ya 182. Majiko yote yakazimwa, nikachomeka pini ya kuzuia mtambo na kutoa kichupa cha gesi ya kufyatulia, maana waya ukilegea bila hivyo unaoga dawa ukiwa humo humo. Kichwa ndani ya hudi, mafuta yaliyoganda yanayeyukia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani, unatoboa, unakaza vishikizo, unapitisha waya upya, shingo imekufa. Mwanga umeshaondoka dirishani bado nageuza nozeli.

Kujaribu ni kutoa pini, kichupa kikiwa bado nje, halafu kukata kibati kimoja makusudi kwa koleo. Waya ukachomoka, valvu ya gesi ikajifunga KA! na meneja akaruka. Hapo ndo alinyamaza kwa mara ya kwanza. Nikamweleza mafuta ya kukaangia yakikaribia nyuzi 360 yanawaka yenyewe hata bila kiberiti, na mtu akiyamwagia maji yanarukia dari.

Nikaweka kibati kingine, nikautega mtambo upya na kurudisha pini, nikarudisha kichupa, nikatoa pini, nikachora kwa rangi nyekundu sakafuni kila mguu wa fraya ulipo. Akalalamika naharibu vigae. Hela kanipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Kesho Tunduma, gari la saa 12, na shati hili sijui nitalifulia nini.