Zamu yangu ya kupokea vikopo

Saa 11:00 alfajiri. Dengu nimeziroweka tangu jana usiku. Wakati zinachemka pamoja na karoti, sufuria ya pili inachemsha vikopo na mifuniko yake. Sisi ni familia saba za jirani. Mara moja kwa wiki kila familia inapika chakula cha mtoto cha aina moja, inaleta vikopo saba na kuondoka na saba vya aina tofauti. Watoto wanaonja vingi, na hakuna mzazi anayekesha jikoni kila siku. Leo zamu ya kupokea na kukagua ni yangu.

Saa 2:00 mpaka saa 5:00 ni kuponda, kupoza na kuandika lebo. Chumvi sitii. Cha mwenye miezi 6 nakisaga kiwe laini kabisa. Cha wenye miezi 9 naacha vibonge vidogo, maana asipozoea kutafuna sasa, baadaye atavikataa. Sufuria naitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili chakula kipoe upesi na kuingia kwenye friza. Watu huniuliza, "Kwani kazi iko wapi, si kuponda tu?" Kuponda ndiyo sehemu nyepesi.

Saa 9:00 alasiri wanaanza kuja. Nashika kila kikopo nihakikishe ni cha baridi. Nasoma lebo: kila kilichotiwa, tarehe na saa ya kupikwa. Chenye yai nakifunga utepe mwekundu, kwa sababu mtoto mmoja ana mzio wa mayai na mama yake ametuamini. Familia nne zinapita ndani ya nusu saa.

Kisha akafika Mama Pacha, amechelewa saa nzima, jasho linamtoka, na vikopo saba vya boga. Lebo hakuna.

"Mama Pacha, humu mna nini?"

"Boga tu, mwenzangu."

"Boga peke yake?"

"Na asali kidogo, wapate hamu."

Nilishtuka. Watoto wetu watano hawajatimiza mwaka. Nikamwambia asali hapewi mtoto wa chini ya miezi 12. Akanijibu kwamba imechemka na boga, kuna nini tena? Nikamweleza kuwa ndani ya asali huweza kuwamo vijimbegu vya bakteria ambavyo maji yanayochemka jikoni hayaviui. Tumbo la mtoto mdogo bado halina nguvu ya kuvizuia, basi vinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

"Wanangu wamekula tangu juzi, wazima kabisa!"

Mapacha wake wana miezi 14. Ndiyo maana ni wazima. Lakini yeye alisikia kama namwita mchafu. Akasema amesimama jikoni tangu alfajiri, mtoto mmoja mgongoni, nami najifanya daktari. Iliniuma, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na najua uchungu wa kurudishiwa chakula ulichowapikia watoto wa wenzako kwa moyo mmoja. Tulibishana palepale mlangoni, mwanangu analia ndani, familia ya mwisho inasubiri nyuma yake na kikapu mkononi. Sikulegea. Alirudi na vikopo vyake vyote.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Kila kikapu kilikuwa kimepungua kikopo kimoja. Kwenye friza nilikuwa na vitano vya boga nilivyomwekea mwanangu, nikavitoa vyote. Kikapu cha Mama Pacha nilimpelekea mwenyewe giza likiingia. Alikipokea. Hakusema kitu, nami sikusema.

Usiku nilisugua beseni, nikafuta friji, miguu imevimba. Kwenye karatasi ya masharti iliyobandikwa mlangoni, chini ya mstari wa chumvi, nikaongeza kwa herufi kubwa: HAKUNA ASALI MPAKA MWAKA UTIMIE. Nilipaswa kuyaandika hayo tangu siku ya kwanza. Kisha nikachukua kisu, nikaanza kumenya boga la mwanangu.