Kushuka Magadi Kutafuta Joto

Mizani ya bafuni ilisafiri kiti cha nyuma cha Probox, imefungwa mkanda kama abiria aliyelipa nauli. Hilo lilikuwa sharti la shemeji yangu. Yeye ni muuguzi, na alikubali kuniazima siku tatu za likizo yake na gari lake kwa makubaliano kwamba nitapimwa kabla na baada ya kila mwendo, nimebaki na kaptura tu, hata kama tutakuwa katikati ya soko.

Nilikuwa nimepata nafasi kwenye Unbound Gravel, mbio za baiskeli kwenye barabara za changarawe, maili 200, karibu kilomita 322, zinazoanzia na kuishia Emporia, mji mdogo wa Kansas, Marekani. Zilipoanza mwaka 2006 zilikuwa na waendeshaji 34. Siku hizi wanakuja maelfu, na nafasi hutafutwa kwa bahati nasibu. Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na wengi wetu tusiolipwa kwa kazi hii hurudi giza limeshaingia. Njia inakata Flint Hills, vilima vya gumegume, yale mawe ambayo zamani yalichongwa ncha za mishale na sasa yanachana tairi. Ni nyasi hadi upeo wa macho. Kivuli hakuna, na vituo vya kupokea msaada ni viwili vitatu tu siku nzima, kwa hiyo maji unayabeba mgongoni.

Dada yangu hakupenda habari hizi. Hajasahau Agosti 2022, Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya, alipofariki akiwa kwenye mbio za aina hii huko Vermont. Sule ndiye aliyetufungulia macho wengi wetu kwamba barabara za vumbi tulizokulia ni mchezo wenye thamani. Dada hakunikataza. Alinipa mumewe.

Tatizo langu ni Nairobi. Mtu aliyezoea kuvaa sweta mwezi Juni anakwendaje kushindana kwenye nyuzi 35 na unyevu juu yake? Shemeji alinieleza kwa kifupi: mwili huzoea joto ukipigwa nalo kila siku kwa siku kumi hadi kumi na nne. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hutoka jingi, tena likiwa na chumvi pungufu kuliko mwanzo. Ukiacha, wiki chache tu mazoea yote yanayeyuka. Kwa hiyo safari hii ya Magadi, mwezi Februari, haikuwa ya kuzoea. Hiyo ingekuja Mei, kwa kuvaa jaketi ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, baiskeli imesimama palepale, kisha kukaa kwenye beseni la maji ya moto huku majirani wakiuliza kama nimeanza kuaguliwa. Februari ilikuwa ya kufanya makosa karibu na nyumbani.

Ukitoka Kiserian, nje kidogo ya Nairobi, unafika Corner Baridi, na jina halidanganyi: upepo wa hapo unaingia hadi kwenye meno. Kisha ardhi inakatika na Bonde la Ufa linafunguka chini yako. Kutoka hapo hadi Ziwa Magadi unashuka zaidi ya mita elfu moja, na kila ukikunja kona hewa ni nyingine, kama mtu anayefungua vyungu vya moto kimoja baada ya kingine. Nilivua jaketi, kisha glavu, kisha nikafungua zipu. Olorgesailie nilisimama chini ya mgunga kutazama tairi. Kina Leakey, wale wachimbaji wa mambo ya kale, walichimbua hapo mashoka ya mawe kwa mamia, yaliyotengenezwa na watu walioishi bondeni humu kabla ya kuwepo hata jina la joto. Mimi nilichimbua mwiba. Nimeacha tyubu siku hizi. Ndani ya tairi kuna gundi ya majimaji, na tundu lilijiziba lenyewe likiacha doa jeupe.

Siku hiyo ya kwanza sina la kusimulia zaidi. Ni mteremko, hata mkokoteni ungefika.

Asubuhi ya pili mizani ilisoma kilo 68.2. Nikavuka tuta linalokata ziwa, kulia na kushoto ukoko wa magadi, mweupe hapa, wa waridi pale, heroe wamesimama kwenye vidimbwi. Harufu yake inakaa kooni. Ng'ambo lami inakwisha na kunabaki changarawe, mawe meusi na vumbi laini kama unga uliochekechwa, hadi mto Ewaso Ng'iro na mashamba ya Nguruman chini ya ukuta wa bonde. Kwenda, kuzunguka na kurudi nilipanga kilomita 110.

Nilikuwa nimejiapiza jambo moja: sitakauka. Kila mtu anakuonya kuhusu kiu. Basi nilikunywa kabla ya kiu, nikanywa wakati wa kiu, nikanywa kwa hofu ya kiu. Nguruman nilijaza tena mfuko wa mgongoni na chupa zote mbili, maji matupu, maana zile pakiti za chumvi shemeji alizonipa niliziacha kwenye Probox. Ladha yake ilikuwa inanichefua. Mama aliyeniuzia maembe alinitazama nikigugumia.

"Kijana wangu, polepole. Punda wenyewe hupumzika kidogo katikati."

"Asante Mama, joto ni kali."

"Joto ni la kila siku," akasema, akageukia mteja mwingine.

Saa saba mchana kipimo kwenye usukani kilionyesha nyuzi 41. Kilikuwa kimepigwa na jua, tukipunguze mbili. Nilikuwa narudi, upepo usoni, na tumbo lilikuwa likicheza kama dumu lililojaa nusu. Kichwa kilianza kuuma nyuma ya macho. Nikadhani ni kiu, nikanywa. Kichefuchefu kikaja, nikadhani ni jua, nikanywa. Ndipo nilipotaka kutazama muda na kuona ukanda wa saa umezama kwenye ngozi. Asubuhi ulikuwa ukizunguka mkononi kama bangili. Vidole vilikuwa vimevimba, pete haigeuki. Nikaona ajabu, mtu akauke huku anavimba?

Shemeji alinikuta kwenye tuta nimekaa kando ya baiskeli. Hakuniuliza lolote. Alishusha mizani, akaiweka juu ya jiwe bapa, akanionyesha kwa kidole nipande. Kilo 69.1.

Muda wa saa saba juani, na nilikuwa nimeongezeka karibu kilo nzima.

"Umekunywa lita ngapi?"

"Nane hivi."

"Na chumvi?"

Nikatazama Probox.

Alinieleza baadaye, wakati huo alikuwa na hasira ya kimyakimya ya wauguzi. Jasho linatoka na chumvi. Ukirudisha maji peke yake, na mengi kuliko yaliyotoka, sodiamu ya damu, ile iliyomo kwenye chumvi, inapungua nguvu, maji yanaanza kuingia kwenye seli, nazo zinavimba. Vidole vikivimba utacheka. Ubongo ukivimba, hucheki tena. Mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, na wapo waliokufa mbioni kwa njia hiyo huku wenzao wakiwapa maji zaidi. Akaninyang'anya chupa. Nimekaa nyuzi 39, midomo imepasuka, na mtu wangu wa karibu anamwaga maji yangu chini!

Kilichoniuma zaidi ni mahali lilipotokea. Nilikuwa nimekaa katikati ya sodiamu. Ziwa lote ni hilo. Mama yangu hutia kipande chake kwenye maharagwe yaive upesi, na kiwanda hapo kimeyavuna magadi kwa zaidi ya miaka mia. Nimeishiwa sodiamu Magadi, sawa na kufa njaa ndani ya ghala.

Mjini aliniagizia supu ya mbuzi, akaitia chumvi hadi mwenye hoteli akauliza kama tumegombana. Niliinywa kidogokidogo. Kufikia jioni nilikuwa nimekwenda haja ndogo mara nne na ukanda wa saa ukaanza kulegea.

Usiku tulipanga upya. Chupa moja ya maji yenye chumvi na sukari, nyingine ya maji matupu, na kunywa kwa kufuata kiu, siyo kwa kufuata hofu. Viazi vya kuchemsha vilivyokolezwa chumvi, badala ya biskuti tamu ambazo mchana hugeuka gundi mdomoni. Na kilo ndizo zitakazoamua: kupungua kidogo ni sawa, kuongezeka hata kidogo ni kosa.

Niliondoka saa tisa na nusu usiku, taa moja mbele, Probox nyuma. Kupanda kutoka Magadi ni kazi ya kichwa kuliko miguu. Unaona taa za Ngong kwa mbali na hazisogei. Jua lilinikuta Oltepesi. Lilianza kuchoma mapema, mgongo wa jezi ukapigwa mistari myeupe ya chumvi, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuiona, kwa kuwa nilijua ninairudisha. Kila baada ya muda niliingiza kidole chini ya ukanda wa saa. Kilipita.

Corner Baridi nilivaa jaketi tena, nikitetemeka. Kiserian shemeji aliegesha mbele ya bucha, akashusha mizani yake kwenye sakafu ya saruji, nami nikavua viatu na jezi mbele ya watu waliokuwa wakisubiri nyama. Alfajiri zilikuwa 68.0. Sasa zilikuwa 66.6. Shemeji akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akanirushia taulo.

Mwenye bucha alikuwa ameacha kukata. Alitazama mizani yetu, akatazama yake iliyoning'inia, akanitazama mimi mbavu hadi miguu.

"Huyu," akamwuliza shemeji, "mnamuuza kwa kilo?"